UZI: Chanjo ilikuumiza ukiwa Marekani? Fidia ipo, wakili humlipi wewe, ila muda wa kudai una kikomo

Mtoa mada (Texas)

Wakuu, habari za saa hizi.

Kila msimu wa mafua anatokea mtu humu anauliza: "Nilichomwa chanjo kazini, mkono haunyanyuki mpaka leo, nifanyeje?" Wachangiaji wanagawanyika hapo hapo. Hawa wanamwambia chanjo ni sumu, wale wanamwambia aache uzushi. Mwenye bega lake anaondoka na maumivu yale yale aliyokuja nayo. Uzi huu ni wa kwake, na wa wabeba boksi wote walioko Marekani ambao kazi zao zinawataka wachanjwe kila mwaka.

Mke wangu anahudumia wazee kwenye nyumba ya matunzo. Chanjo hana ugomvi nazo, na watoto wetu wote wamechanjwa. Msimu mmoja alikwenda kuchanjwa mafua kwenye duka moja la dawa. Mchomaji alikuwa amesimama, yeye amekaa, sindano ikaingia juu kabisa ya bega, karibu na mfupa. Usiku ule hakulala. Wiki zikapita hawezi kufunga sidiria, hawezi kumgeuza mgonjwa kitandani, hawezi kuchana nywele za binti yetu. Daktari wa kwanza akasema ni umri. Mtaalamu wa fiziotherapia ndiye aliyemuuliza, "Ulichomwa sindano lini?" Baada ya kipimo cha MRI ikaonekana uvimbe ndani ya kiungo.

Jambo hili linajulikana kitabibu na kisheria, na kwa kifupi huitwa SIRVA. Sindano ikipita juu ya msuli wa bega na kuingia kwenye kifuko cha maji kinacholainisha kiungo, dawa ikishaachwa mle, mwili unaishambulia palepale na kiungo kinaungua kwa ndani. Chanjo yenyewe inaweza kuwa nzima kabisa. Kilichokosewa ni mahali ilipochomwa.

Sasa fidia. Marekani ina mpango wa taifa wa fidia kwa walioumizwa na chanjo, wenyewe wanauita VICP. Bunge liliupitisha kwa sheria ya mwaka 1986, ukaanza kazi tarehe 1 Oktoba 1988. Dai halifunguliwi dhidi ya nesi wala duka la dawa wala kiwanda. Linafunguliwa katika Mahakama ya Madai ya Shirikisho iliyoko Washington, D.C., na anayejibu ni Waziri wa Afya. Madaktari wa wizara wanasoma jalada, mawakili wa Wizara ya Sheria wanajibu kwa niaba ya serikali, kisha hakimu maalumu anaamua. Fedha zinatoka kwenye mfuko unaolishwa na kodi ya senti 75 kwa kila ugonjwa unaokingwa katika kila dozi. Chanjo ya mafua inachangia senti 75. Ile ya surua, matumbwitumbwi na rubela inachangia dola 2.25, kwa kuwa inakinga magonjwa matatu.

Hutakiwi kuthibitisha kwamba kuna mtu alifanya uzembe, na hapo ndipo mpango huu unapotofautiana na kesi za kawaida. Kuna jedwali la kisheria linalotaja chanjo, madhara na muda wake. Ukiangukia ndani ya jedwali, inachukuliwa kwamba chanjo ndiyo iliyosababisha, mpaka serikali ioneshe sababu nyingine. Kwa bega, maumivu yawe yameanza ndani ya saa 48, bega hilo liwe halikuwa na tatizo kabla, na maumivu yabaki kwenye bega lile lile lililochomwa. Kwa ugonjwa wa Guillain-Barré (kinga ya mwili inashambulia mishipa ya fahamu, misuli inalegea au kupooza) baada ya chanjo ya mafua, dalili zianze kati ya siku ya 3 na ya 42. Hayo mawili yaliingizwa kwenye jedwali Machi 2017. Mzio mkali wa ghafla, ule wa koo kubana na presha kuporomoka, uwe umetokea ndani ya saa 4. Ukiwa nje ya jedwali bado unaruhusiwa kudai, lakini mzigo wa kuthibitisha unakuwa wako, na utahitaji daktari bingwa wa kukusemea.

Madhara yenyewe yawe yamedumu zaidi ya miezi 6, au yamekulaza hospitali ukafanyiwa upasuaji, au yamesababisha kifo. Mkono uliouma wiki mbili ukapona hauingii.

Kuhusu wakili, wengi wetu tunaogopa bure, kwa sababu tumezoea matangazo ya mawakili wa ajali za magari wanaochukua theluthi ya malipo yako. Kwenye mpango huu sheria inakataza wakili kumtoza mteja hata senti juu ya kile mahakama inachomlipa. Analipwa na mfuko, kando kabisa na fidia yako. Hata ukishindwa analipwa, mradi dai lilifunguliwa kwa nia njema na lilikuwa na msingi. Kwa hiyo wakili akikuletea mkataba wenye asilimia kwa dai la VICP, usitie sahihi. Tafuta aliyesajiliwa kwenye mahakama hiyo maalumu. Anaweza kuwa jimbo lingine kabisa, kwa sababu kazi nyingi inafanyika kwa simu na nyaraka.

Muda: miaka 3 tangu dalili ya kwanza. Narudia, tangu dalili ya kwanza ionekane, hata kama daktari alikwambia jina la ugonjwa mwaka mmoja baadaye. Kwa aliyefariki, ni miaka 2 tangu kifo, na isizidi miaka 4 tangu dalili ya kwanza. Ukichelewa, mahakama inafunga mlango hata kama jalada lako ni zuri namna gani.

Wasio na makaratasi ya ukaazi nao wananiuliza. Sheria inaangalia chanjo ilichomwa wapi, haiulizi uraia. Na zile chanjo za daktari wa uhamiaji wakati wa kuomba ukaazi, zikiwa ni za aina zilizomo kwenye mpango, nazo zinahesabiwa.

Jamani, siku ya kwanza unapokwenda kwa daktari, sema kwa mdomo wako na uhakikishe imeandikwa: tarehe ya sindano, mkono gani, maumivu yalianza lini. Sisi wengine tumelelewa kutomsumbua daktari kwa maneno mengi, tukiulizwa tunajibu "naumwa bega" tunanyamaza. Jalada likifika kwa hakimu maalumu, anachosoma ni yale daktari aliyoandika siku ile. Ukiwa umekaa miezi 5 nyumbani na pakiti ya dawa za maumivu, serikali itauliza kwa nini hukwenda.

Maswali karibuni.

---

Mchangiaji asiyechanja

Umeandika vizuri, lakini umejimaliza mwenyewe. Kama wanalipa, basi wamekubali zinaua watu. Serikali ya Marekani imelipa zaidi ya dola bilioni 5 mpaka sasa. Kwa nini uwapeleke watu wakachomwe?

---

Mtoa mada (Texas)

Ndugu, hiyo bilioni 5 ni ya kweli na siifichi. Ni ya tangu 1988. Wizara yenyewe inakadiria kwamba kwa kila dozi milioni 1 zilizosambazwa, analipwa mtu mmoja hivi. Na takriban asilimia 60 ya malipo yanatokana na makubaliano, pande mbili zinamaliza bila serikali kukubali kwamba chanjo ndiyo iliyosababisha.

Mimi sitaki kumficha mtu kwamba yule mmoja yupo. Nimelala naye kitanda kimoja akilia kwa maumivu. Ninachokataa ni kumtumia yeye kama fimbo ya kuwatisha wengine, halafu siku ya kumsaidia kujaza fomu hatukuoni. Mke wangu anachanjwa mpaka leo, kwenye mkono mwingine, na anamwambia mchomaji akae chini kwanza.

---

Nesi wa Mbeya

Mtoa mada, mkeo anafanya sahihi. Tulivyofundishwa, anayechoma na anayechomwa wawe kimo kimoja, wote wakae au wote wasimame. Unapapasa mfupa wa juu wa bega, unashuka vidole viwili au vitatu, unachoma katikati ya msuli. Nguo ivuliwe bega lote, maana ukivuta kola pembeni macho yanakudanganya na unaishia kuchoma juu. Foleni ikiwa ndefu ndipo watu wanaporuka hatua hizi.

Niongeze upande wetu huku. Mtu anapopata tatizo baada ya chanjo, sababu zinaweza kuwa tano: dawa yenyewe, ubora wake kuharibika, makosa ya utoaji, hofu ya sindano, au ugonjwa uliokuwa unakuja wenyewe ukakutana na siku ya chanjo. Makosa ya utoaji ndiyo yanayoniuma zaidi, kwa sababu yanazuilika. Mwaka 2017 kule Kapoeta, Sudan Kusini, watoto 15 walifariki katika kampeni ya surua. Uchunguzi ulikuta bomba moja la sindano lilitumika kwa watoto wengi kwa siku 4 na chanjo haikuwa kwenye ubaridi. Chanjo ya surua ikishachanganywa na maji yake hutupwa baada ya saa 6, hata kama imebaki nusu chupa. Watoto wale waliuawa na sumu ya bakteria kwenye damu.

Kwa hiyo mzazi, kadi ya kliniki usiitupe. Mtoto akipata tatizo kubwa, rudi kituoni siku hiyo hiyo na udai ijazwe fomu ya taarifa ya madhara baada ya chanjo. Hiyo fomu ina namba ya toleo la chupa. Bila namba hiyo hakuna anayeweza kufuatilia kama chupa ile iliwaumiza na wengine. Kuna wenzangu wanaogopa kujaza wakidhani wanajishitaki. Wajaze tu, na mzazi awe mpole lakini asiondoke mpaka aione imejazwa.

---

Mpwani (Mombasa)

Shukran Nesi. Sasa huku kwetu nikishapata hiyo fomu naipeleka wapi nilipwe? Kenya na Tanzania kuna mahakama kama hiyo ya Mmarekani?

---

Mwanasheria, Dar

Ndugu yangu wa Mombasa, hakuna. Mwaka 2018 watafiti waliopitia nchi 194 wanachama wa WHO walikuta 25 tu zenye mpango wa fidia ya chanjo usiohitaji kuthibitisha uzembe, na karibu zote ni nchi tajiri. Ujerumani Magharibi ilitangulia mwaka 1961, Ufaransa ikafuata miaka ya sitini hiyo hiyo, kisha Japani miaka ya sabini.

Kwetu unabaki na kesi ya madai ya kawaida. Utathibitisha kwamba uliyemshitaki alikuwa na wajibu kwako, alizembea, na uzembe huo ndio uliokuumiza. Kama chanjo ilikuwa salama, ikatunzwa vizuri, ikachomwa vizuri, na mwili wako ukaikataa kwa bahati mbaya, hakuna aliyezembea, na kesi inakufa. Ukiwa na kosa la wazi, kama bomba kutumiwa mara mbili au dawa kuchanganywa na kimiminika kisicho chake, hapo una pa kushika.

Muda nao ni mfupi. Tanzania, Sheria ya Ukomo inatoa miaka 3 kwa madai ya namna hii, na ukiishitaki serikali lazima utangulize notisi ya siku 90, nakala kwa Mwanasheria Mkuu, kisha kesi inakwenda Mahakama Kuu. Kenya ni miaka 3 kwa watu binafsi, lakini kwa serikali ni miezi 12 tu, na hospitali nyingi zinazotoa chanjo ni za umma. Nimeona watu wanasubiri barua ya kamati ya uchunguzi mpaka miezi 12 inaisha. Kamati haisimamishi saa ya mahakama.

Kulikuwa na njia moja ya pekee. Februari 2021 WHO ilitangaza mpango wa fidia kwa chanjo za COVID-19 zilizogawiwa kupitia COVAX, ule mpango wa kimataifa wa kugawa chanjo hizo, kwa nchi na maeneo 92 ya kipato cha chini na cha kati. Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo zote zimo. Zile dozi milioni 1.02 za AstraZeneca zilizotua Nairobi Machi 2021, na zile milioni 1.058 za Johnson & Johnson zilizotua Dar es Salaam Julai mwaka huo, zilipitia COVAX. Maombi hayana ada wala hayahitaji wakili, ila lazima daktari aliyesajiliwa ajaze sehemu yake. Kiasi kinapigwa kwa pato la mwaka la nchi kwa kila mtu, mara 12, mara kiwango cha madhara. Maana yake, mguu wa Mrundi unathaminiwa chini ya mguu wa Mkenya uliopooza vile vile. Hilo mimi halijawahi kuniingia akilini kama haki. Na ukipokea malipo, umemaliza, huwezi tena kushitaki mtu kwa jambo hilo.

Swali langu kwa wabunge wetu ni moja. Watoto wetu wanachanjwa polio, surua, pepopunda na kifua kikuu kila siku, na wanalinda jamii nzima. Yule mmoja anayeumia, kwa nini aachwe na mama yake peke yao?

---

Kijana wa Reading

Uingereza nako kuna chetu, ila kina masharti yake. Sheria ya 1979, malipo ya mara moja, pauni 120,000, hayakatwi kodi. Kiasi hicho hakijapandishwa tangu 2007. Sharti gumu ni ulemavu wa asilimia 60. Ukiwa umepoteza asilimia 50 hupati nusu, unapata sifuri. Chanjo za COVID-19 zimo kwenye mpango huu, ndiyo maana waliopata damu kuganda baada ya AstraZeneca wanaomba humo, na wengine wamekwenda Mahakama Kuu kuishitaki kampuni yenyewe, kwa sababu pauni 120,000 haitoshi kwa kijana aliyebaki kwenye kiti cha magurudumu. Kampuni ilikubali kwenye nyaraka za mahakama kwamba chanjo yake, kwa nadra sana, inaweza kusababisha tatizo hilo.

---

Mzee wa Maktaba

Vijana, mnaijadili fidia kana kwamba ilishuka kutoka mbinguni. Chanzo chake ni machozi ya watu.

Mwaka 1955, wiki chache baada ya chanjo ya polio kutangazwa salama Marekani, kiwanda cha Cutter kule California kilitoa chupa ambamo virusi havikuuawa vyote. Watu kama 200 wakapooza, 10 wakafa. Mwaka 1958 baraza la wazee wa mahakama likasema kiwanda hakikuzembea, kilifuata taratibu za wakati ule, lakini kiwalipe walioumia, kwa kuwa kiliuza kitu kisichokuwa kile kilichoahidiwa. Hapo ndipo mlango wa kulipwa bila kuthibitisha uzembe ulipoanza kufunguka.

Ikaja 1976. Serikali ya Marekani iliogopa mafua ya nguruwe ikachanja watu wapatao milioni 45, baada ya kukubali kubeba yenyewe kesi zote, kwa kuwa makampuni ya bima yalikataa. Mafua hayakuja. Ikaonekana ugonjwa wa Guillain-Barré umeongezeka, kama mtu mmoja kwa kila 100,000 waliochanjwa, na kampeni ikasimamishwa. Madai yakamiminika kwa maelfu.

Halafu miaka ya themanini, kesi za chanjo ya kifaduro zikawa nyingi hadi watengenezaji wakaanza kujitoa sokoni. Wazazi wa walioumia wanataka haki, madaktari wanaogopa chanjo zitakosekana. Sheria ya 1986 ilizaliwa katikati ya mvutano huo. Mwaka 2011 Mahakama ya Juu ikaweka wazi, katika kesi dhidi ya kampuni ya dawa ya Wyeth, kwamba mtengenezaji hashitakiwi kwa hoja kuwa chanjo ingeweza kubuniwa vizuri zaidi. Kampuni zilipata kinga kubwa. Basi yule aliyeumia naye apate chake kwa wepesi ule ule aliopata mwenye kiwanda.

---

Mtoa mada (Texas)

Mzee, shikamoo, na asante. Wepesi huo ndio uliopungua. Sheria iliweka mahakimu maalumu 8 tu, na idadi hiyo haijabadilika wakati madai yameongezeka mno, mengi yakiwa ya mabega. Kesi inachukua miaka 2 au 3, wengine zaidi. Na kikomo cha malipo ya maumivu, dola 250,000, ni kile kile cha 1986. Fidia ya kifo nayo ni 250,000. Pima dola ya mwaka ule na ya leo. Gharama za matibabu zisizolipwa na bima na mshahara uliopotea vinalipwa pembeni ya kikomo hicho, ila kwa aliyeumia vibaya, bado ni kidogo.

---

Mama wa Columbus

Naomba mnijibu bila kunikejeli. Mwanangu alichanjwa ile ya surua akiwa na mwaka na kidogo, baadaye akaacha kusema, na sasa ana usonji. Kuna mtu ananiambia nitalipwa mamilioni, nimpe pesa ya kuandaa jalada.

---

Mtoa mada (Texas)

Dada yangu, pole, na hakuna wa kukukejeli hapa. Huyo mtu usimpe hata dola moja.

Madai ya usonji yalishasikilizwa. Familia zaidi ya 5,000 zilifungua, mahakama ikachagua kesi za mfano, ushahidi ukasikilizwa kwa kina, na mwaka 2009 mahakimu maalumu wakaamua kwamba chanjo hiyo haikuonekana kusababisha usonji. Rufaa zikashindwa. Tafiti za watoto wengi katika nchi mbalimbali nazo zimefika pale pale. Dalili za usonji mara nyingi huanza kuonekana kwenye umri ule ule wa chanjo hiyo, ndiyo maana mama anaona kama kimoja kimeleta kingine, na mimi siwezi kukulaumu kwa kuliona hivyo.

Kuna haki nyingine ambayo wengi wetu hatuidai. Sheria ya shirikisho inailazimisha shule ya umma kumpa mtoto wako elimu maalumu bure, pamoja na tiba ya kusema kama anaihitaji ili asome, kwa mpango ulioandikwa na wewe mzazi ukiwemo kikaoni. Andika barua, usiombe kwa mdomo, kwamba unataka mtoto apimwe kwa ajili ya elimu maalumu. Omba na mkalimani wa Kiswahili.

---

Mgeni wa Iowa

Jambo ndugu zangu. Sisi ni Wakongomani, tulipitia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, sasa tuko Iowa. Mdogo wangu anafanya kazi kiwanda cha nyama. Alichanjwa, kisha kama wiki mbili baadaye miguu ikaanza kufa ganzi, ikapanda, akalazwa kwenye mashine ya kupumua. Waliandika Guillain-Barré. Ametoka, lakini anatembea na fimbo, kazi hawezi. Inakaribia miaka 3 sasa. Hatukujua lolote la kudai. Tatizo lingine, siku ile alichomwa mikono yote miwili, nadhani mafua na COVID.

---

Mtoa mada (Texas)

Kaka, acha kila kitu usome hapa.

Mafua na COVID-19 ni milango miwili tofauti. Chanjo ya COVID-19 haimo VICP. Iko kwenye mpango mwingine, CICP, ambao muda wake ni mwaka mmoja tu tangu siku ya sindano, hauna mahakama, haumlipi wakili wako, na hadi 2025 waliolipwa kwa chanjo ya COVID-19 hawakufika hata mia, wakati madai yalipita 10,000. Kwenu mlango huo umeshafungwa. Lakini chanjo ya mafua imo VICP, na wiki mbili ziko ndani ya zile siku 3 hadi 42. Serikali inaweza kubisha kwamba ni ile nyingine iliyosababisha. Hilo mwachie wakili apambane nalo.

Leo hii omba rekodi ya chanjo. Iowa wana daftari la jimbo linaloitwa IRIS, na kliniki yoyote inaweza kuwachapishia. Angalia tarehe, aina ya chanjo na mkono. Kisha tafuta tarehe ya siku alipohisi ganzi mara ya kwanza. Miaka 3 inahesabiwa kuanzia siku hiyo, siyo siku aliyolazwa. Wakili akiona siku zimebaki chache, anaweza kufungua dai kwanza na rekodi za hospitali zikafuata, kwa hiyo usisubiri jalada likamilike ndipo umpigie.

Mwambie mapema kama mdogo wako ana Medicaid (bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo) au SSI (posho ya serikali kwa wazee na walemavu wenye kipato kidogo). Fedha ya mkupuo inaweza kumtoa kwenye msaada huo, na kuna namna ya kuipanga isimletee shida, ila ipangwe kabla ya kulipwa.

---

Mgeni wa Iowa

Aksanti. Na mtoto wangu, yeye alichanjwa kambini kabla ya ndege, alipata jipu kubwa kwapani baada ya ile ya kifua kikuu. Naye anaingia?

---

Mtoa mada (Texas)

Hapana. Chanjo ya kifua kikuu haimo kwenye mpango, na iliyochomwa nje ya Marekani ina mlango mwembamba sana, hasa wa wanajeshi na watumishi wa serikali yao. Hata homa ya manjano na taifodi tunazochoma hapa tukienda kusalimia nyumbani hazimo. Jipu la kwapa Nesi atakueleza zaidi, ila mwoneshe daktari wa watoto.

Kwa mdogo wako, piga simu kesho asubuhi. Wakili wa kwanza akikataa, mpigie wa pili siku hiyo hiyo, na kila mmoja anza kwa kumtajia tarehe ya ganzi ya kwanza kabla ya jambo lingine lolote.

---

Nesi wa Mbeya

Jipu la kwapani baada ya sindano ya kifua kikuu tunaliona mara kwa mara kwa watoto, tezi inavimba upande ule ule uliochomwa, na mara nyingi inapungua yenyewe kwa miezi. Msilikamue wala msilipasue nyumbani. Kama linatoa usaha, au mtoto anapungua uzito, au ana homa zisizoisha, aonwe haraka na apimwe kinga ya mwili.

---

Mgeni wa Iowa

Linatoa maji kidogo, uzito uko sawa. Tutampeleka Jumatatu. Rekodi ya IRIS nimeipata leo: mafua mkono wa kushoto, COVID wa kulia, siku moja. Ganzi ya kwanza aliandika meseji kwa mke wake usiku ule, simu bado wanayo, tarehe inaonekana. Wakili wa pili amesema tumtumie picha ya hiyo meseji usiku huu huu.

---

Mtoa mada (Texas)

Tuma sasa hivi, na ile simu msiifute kitu chochote wala kuibadilisha mpaka wakili aseme.